Mahindi tele, watoto wafupi: kwa nini afya ya watoto Tanzania inatofautiana hivi mkoa na mkoa

Siku ya afya na lishe ya kijiji kuna kifaa kimoja kinaliza watoto kuliko sindano, nacho ni ubao wa kupimia urefu. Mtoto wa chini ya miaka miwili analazwa chali, mtu mmoja anamshika kichwa kiguse juu ya ubao, mwingine anamnyoosha magoti na kusogeza kile kipande cha chini mpaka kiguse nyayo, na hapo mtoto anapiga kelele kijiji kizima kinasikia, alafu nesi anainama anasoma namba haraka haraka kabla miguu haijajikunja.

Hili nililiona Njombe, nimemsindikiza shemeji yangu ambaye ndo alikuwa nesi wa zamu siku hiyo. Asubuhi baridi kali, akina mama wanafika wanasalimiana kamwene, kamwene, watoto mgongoni wamefunikwa mablanketi. Akaja mama mmoja na binti yake wa miezi 23, mashavu yamejaa, anacheka, anakimbia kimbia, ukimwangalia huwezi kusema ana tatizo lolote. Kwenye mzani hamna shida. Ubao ukasoma sentimita 77. Sasa mtoto wa kike wa umri ule anategemewa awe kwenye 85 hivi, na hiyo 77 ni urefu wa mtoto wa miezi 14 au 15. Shemeji akamweleza yule mama taratibu bila kumtisha, na mama akajibu kitu ambacho mpaka leo sijakisahau: "Lakini nesi, huyu anakula ugali anashiba, na mahindi tunayo mpaka tunauza."

Na alikuwa anasema kweli kabisa. Mahindi wanayo mpaka wanauza, na mtoto amedumaa, vyote viwili ni kweli kwa pamoja, na nikiri kwamba ilinichukua muda mrefu kuelewa inawezekanaje. Ndo maana naandika hii, kwa sababu kila ripoti mpya ikitoka naona watu wanashangaa upya, wengine wanalaumu akina mama, wengine wanasema ni uongo wa takwimu, wengine wanasema watu wa kule ni wafupi kwa asili, na hakuna kati ya hayo linalofikia kwenye jambo lenyewe.

Tuanze na namba. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Hiyo ni nchi nzima. Ukiingia mkoa mmoja mmoja, Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Yaani Iringa ukikusanya watoto kumi, karibu sita wamedumaa. Na hii ndo mikoa inayolisha nchi, mahindi yanayopanda malori kwenda Dar yanatoka huko, viazi mviringo vinatoka huko, njegere, maharage, sahivi na maparachichi yanayosafirishwa mpaka nje. Hata kwenye pato la mtu mmoja mmoja Iringa na Njombe huwa zinakaa kundi la juu. Kwa hiyo yale maelezo ya haraka kwamba udumavu ni njaa, na njaa ni umaskini, hapa yanagoma.

Ila kabla ya sababu inabidi tuelewane tunapima nini, manake nusu ya ubishi unatokea hapo. Kudumaa maana yake urefu wa mtoto kwa umri wake uko chini sana ukilinganisha na viwango vya Shirika la Afya Duniani. Viwango hivyo vilitoka mwaka 2006, na havikupatikana kwa kupima watoto wa Wazungu tu kama wengi wanavyodhani, vilitokana na watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto walionyonyeshwa vizuri, mama hakuvuta sigara, wamekulia mazingira mazuri. Kilichowashangaza wengi ni kwamba katika ile miaka mitano ya mwanzo watoto hao walikua karibu sawa, wa Ghana na wa Norway, wa Oman na wa India. Tofauti za asili zipo, ila katika umri ule ni ndogo sana. Na mstari wenyewe umechorwa kiasi kwamba hata kwenye jamii ambayo watoto wote wamelelewa vizuri, wawili au watatu katika mia watakuwa chini yake kwa sababu ya ufupi wa kuzaliwa nao tu. Wawili au watatu. Mkoa ukiwa na 57 katika mia, hamna kabila wala ukoo unaoweza kuelezea hiyo.

Na kudumaa hakuishii kwenye urefu, ningependa hili lieleweke kabisa. Kama tatizo lingekuwa mtu kuwa mfupi wala nisingepoteza usiku kuandika. Urefu ni kama alama ya maji ukutani baada ya mafuriko, unakuonyesha kwamba kwenye zile siku 1000 za mwanzo, toka mimba inatunga mpaka mtoto anatimiza miaka miwili, kuna kitu mwili ulikosa kwa muda mrefu, na kilichokosekana kwenye mifupa kilikosekana pia kwenye ubongo na kwenye kinga, kwa wakati ule ule.

Sasa tatizo la kwanza la kusoma ramani. Watu wanauliza, mkoa gani watoto wana hali mbaya zaidi? Jibu linabadilika kutegemea na unachopima, na halibadiliki kidogo, linageuka kabisa. Chukua malaria. Utafiti ule ule wa 2022 ulipima watoto damu kwa kipimo cha haraka, Tabora asilimia 23 walikutwa na malaria, wakati Iringa na Njombe ni chini ya asilimia 1. Umeona? Mkoa unaoongoza kwa udumavu karibu hauna malaria, na sababu wala haina siri, ni mwinuko na baridi. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu, likishuka chini ya nyuzi 16 hivi hakikomai, mbu anakufa kabla hajawa na cha kuambukiza. Kwa hiyo mtoto wa Makete, kule Njombe, amekingwa na hali ya hewa, na mtoto wa Tabora au Kigoma anaweza kupigwa na malaria mara kadhaa kwa mwaka, damu inapungua, anachoka, anapona, anaugua tena.

Na malaria haiji peke yake, ina vitu inavyoviburuta. Selimundu kwa mfano, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nchini wanazaliwa kama watoto 11,000 kila mwaka wenye selimundu, na wengi ni wa kanda ya ziwa na magharibi, na hii imetokana na malaria yenyewe, kwa sababu mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu ana ahueni dhidi ya malaria kali, kwa hiyo vizazi na vizazi kinasaba hicho kikabaki kingi sehemu zenye malaria nyingi, ila mtoto akirithi kutoka kwa baba na kwa mama, vyote viwili, hapo ndo anaumwa. Ongeza kichocho ukanda wa ziwa, watoto wanaooga na kuvua ufukweni. Haya yote kwenye ramani ya udumavu huyaoni.

Zanzibar nayo ina picha yake. Malaria imeshushwa sana, udumavu uko chini kuliko Bara, ukiishia hapo utasema mambo safi. Lakini utafiti wa 2015-16 ulionyesha ukondefu, yaani mtoto kuwa mwembamba kuliko urefu wake unavyotaka, ulikuwa asilimia 7 Zanzibar na 4 Bara. Ukondefu na udumavu ni vitu viwili tofauti, mtoto anaweza kukonda ndani ya wiki mbili akiugua au akikosa chakula, kudumaa kunachukua miezi na miaka. Yule binti wa Njombe hakuwa amekonda hata kidogo, ndo maana mama yake hakuona chochote.

Kuna tofauti nyingine zinatoka chini ya ardhi kabisa, hizi watu huwa hawazifikirii. Ukanda wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida una maji yenye floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, ukienda vijiji vya kuzunguka Meru utakutana na watoto meno ya kahawia, na sehemu zingine miguu imepinda, na hiyo hata ungemlisha mtoto nini, maji yakiwa yale yale meno yatakuwa yale yale. Au chumvi. Nyanda za Juu Kusini mvua imeosha madini joto kwenye udongo, zamani tezi la shingo lilikuwa jambo la kawaida kule, na dawa yake ikawa chumvi yenye madini joto inayotoka viwandani. Sasa angalia Lindi na Mtwara, wanakotengeneza chumvi wenyewe pwani, huko tafiti zimekuta ndo kaya chache zaidi zinazotumia chumvi yenye madini joto, kwa sababu ipo ya nyumbani, ya bei rahisi, haijapita kiwandani. Walio karibu na chumvi ndo wanakosa kilichomo kwenye chumvi. Likumbuke hili, tutalirudia kwenye mahindi.

Alafu kuna vifo, na hapa kuna mtego mkubwa kuliko yote. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa 67 katika kila vizazi hai 1,000 kwa utafiti wa 2015-16, mwaka 2022 vikawa 43. Ni hatua kubwa sana, kuna watu wamefanya kazi hapo, chanjo, vyandarua, dawa ya mseto ya malaria, na tuwape haki yao. Lakini katika hao 43, watoto 24 wanafariki ndani ya mwezi wa kwanza, na namba hiyo karibu haijasogea, ilikuwa 25. Hao hawafi kwa kukosa chakula cha kulikiza, kile anachoongezewa mtoto juu ya maziwa ya mama, wanafariki kwa sababu uchungu ulikuwa mrefu, kwa kuzaliwa njiti, kwa kukosa hewa, kwa maambukizi ya siku za mwanzo, kwa hiyo hapo kinachoamua ni kituo cha kujifungulia kiko umbali gani, usiku kuna nani na kuna damu au hamna. Na mtoto aliyefariki hapimwi urefu. Tunawapima waliobaki. Sehemu ambayo watoto dhaifu wanaondolewa mapema na malaria, na sehemu ambayo watoto dhaifu wanaishi lakini hawakui, zikilinganishwa kwa urefu tu zitakudanganya.

Kitu kingine ni asilimia na idadi. Iringa ina watu milioni 1.19 kwa sensa ya 2022, Geita ina milioni 2.98. Udumavu Geita ni asilimia 38.6, uko chini ya Iringa kwa mbali, lakini piga hesabu mwenyewe, watu mara mbili na nusu na asilimia karibu theluthi mbili ya ile, watoto waliodumaa Geita ni wengi kuliko Iringa kwa kiasi kikubwa, na huko familia zina watoto wadogo wengi zaidi kwa hiyo pengo ni kubwa kuliko hesabu hiyo ya haraka. Ukigawa bajeti kwa kufuata asilimia peke yake unawaacha watoto wa Geita, ukifuata idadi peke yake unawaacha wa Iringa. Mimi naona vyote viwili viwe mezani, na mtu anayepanga aseme wazi anatumia kipi.

Nigusie na mipaka kidogo. Njombe, Geita, Simiyu na Katavi ni mikoa ya 2012, Songwe ya 2016. Kwa hiyo mtu akikuambia Iringa ya 2010 ilikuwa asilimia kadhaa, hiyo ni Iringa yenye Njombe ndani yake, na Rukwa ya wakati ule ilikuwa na Katavi. Na kwa kila mkoa wanapimwa watoto mia kadhaa tu, kwa hiyo namba ya mkoa ikicheza pointi tatu nne usiipigie tarumbeta. Ila Iringa ilikuwa 42 mwaka 2015-16, ikawa 47.1 kwenye utafiti wa lishe wa 2018, ikawa 56.9 mwaka 2022, wakati nchi inashuka kutoka 34 kwenda 30. Hata kama kila namba ina mtikisiko wake, tafiti tatu mfululizo zinaelekea upande mmoja, mimi siwezi kusema ni bahati mbaya ya sampuli.

Sasa turudi kwa yule mama na mahindi yake.

Tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba kama kikombe kimoja cha chai, basi. Chukua kikombe hicho ujaze uji wa mahindi mwepesi, ule ambao unatiririka, umejaza maji na wanga kidogo. Mtoto anashiba, anaacha kulia, analala, na mwili haujapata kitu. Ukiupika mzito anashindwa kumeza. Kwa hiyo shibe ya mtoto na lishe ya mtoto ni mambo mawili, na mama anayeona mtoto ameshiba hana sababu ya kudhani vingine. Inayotakiwa ni protini, mafuta, chuma, zinki, na mara nyingi kwa siku, mara tatu nne na kitu cha kutafuna katikati, kwa sababu kile kikombe ni kidogo. Sembe iliyokobolewa hata virutubisho vichache vya kwenye pumba imeviacha mashineni. Maharage yapo shambani, mayai yapo bandani, maziwa yapo, lakini hivyo ndo vinaenda sokoni, kwa sababu ndo vyenye bei, na vinarudi kama ada ya shule, mbolea, bati. Kama ile chumvi ya Lindi, kuwa karibu na kitu hakumaanishi kinaingia kwenye sahani ya mdogo kuliko wote.

Na nani anapika mara nne? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndo kiini. Kilimo cha Nyanda za Juu ni cha jembe na mikono, na mikono mingi ni ya wanawake. Msimu wa kulima au kuvuna mama anaondoka alfajiri, shamba liko mbali, mlimani, mtoto mdogo anaenda naye mgongoni au anabaki na dada yake wa miaka saba, uji umepikwa asubuhi umewekwa kwenye sufuria, unapoa, unaliwa ule ule saa nne na saa nane. Mama anarudi jioni na kuni kichwani, anawasha moto, ugali mmoja wa familia nzima, mtoto anasinzia kabla haujaiva. Mwenye mimba ndo anafanya hivyo hivyo mpaka mwezi wa nane, mtoto anazaliwa mdogo, na aliyezaliwa mdogo ameanza mbio akiwa nyuma. Kwa hiyo mavuno yakiwa makubwa zaidi, kazi ya mama inakuwa kubwa zaidi, na unaweza kuona namna ambavyo mwaka mzuri wa mahindi unaweza kuwa mwaka mgumu kwa mtoto wa miezi kumi. Wanaosema akina mama wa kule hawana elimu ya lishe wangetembea nao siku moja tu ya Februari.

Pombe nayo ipo, siwezi kuificha. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, kuna nyumba jioni haipikwi kitu. Lakini wanaopenda kuitaja hiyo kama sababu kuu wanaikuza, ni sehemu tu.

VVU ni sehemu kubwa zaidi na inasemwa kidogo. Utafiti wa VVU wa 2022-23 uliikuta Njombe ina asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU, Iringa 11.1, ndo mikoa miwili ya juu kabisa nchini. Dawa zimeokoa watoto wengi sana wasizaliwe na maambukizi, lakini mtoto wa mama mwenye VVU, hata akiwa mzima kabisa, mara nyingi anakua taratibu kuliko wenzake, na kuna nyumba ambazo anayelea ni bibi kwa sababu ya miaka ile kabla dawa hazijafika.

Sumukuvu ndo hatuioni kwa macho. Ni sumu za fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zisipokaushwa vizuri. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ndo nchi ikastuka, ila kiasi kidogo cha kila siku hakiui, na kuna ushahidi unaokihusisha na kukua taratibu. Mtoto anayekula mahindi asubuhi, mchana na jioni ana mlango mmoja tu wa chakula, kikiwa kimechafuka, kimechafuka chote.

Kuna watakaosema vyoo. Vyoo ni muhimu, kuhara kunaua. Lakini Halmashauri ya Wilaya ya Njombe imeshakuwa mshindi wa kitaifa wa mashindano ya usafi, vyoo bora vipo, na udumavu upo pale pale. Na majaribio makubwa yaliyofanyika Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, kaya zikapewa vyoo na vifaa vya kunawia, yalikuta urefu wa watoto haukuongezeka kwa hayo peke yake, ukaongezeka kidogo pale ambapo mtoto alipewa chakula cha ziada. Mimi nasoma hivi: ukitengeneza kitu kimoja na kuacha vingine mtoto hasogei.

Na hili, ndugu zangu, wala si jipya, liligunduliwa Iringa kwenyewe. Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa Iringa, wa serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ndani ya vijiji 168 vya ule mkoa mkubwa wa zamani. Walichofanya ni hiki: kila baada ya miezi mitatu watoto wote wanapimwa uzito, matokeo hayapelekwi wilayani kulala kwenye faili, yanasomwa pale pale mbele ya serikali ya kijiji, mtoto akifariki kijiji kinakaa kuuliza kilichomuua ni nini na sisi tungefanya nini, na vijiji vikaanzisha sehemu za kulishia na kulelea watoto wakati mama zao wako shambani. Miaka michache baadaye watoto wenye uzito pungufu kwenye vijiji hivyo walishuka kutoka kama asilimia 56 hadi 38, na wale wenye hali mbaya kabisa kutoka 6.3 hadi 1.8. Fikra iliyotoka pale, kwamba lishe ya mtoto inasimama kwa chakula, matunzo na afya kwa pamoja, UNICEF iliichukua mwaka 1990 ikawa mchoro unaofundishwa dunia nzima mpaka leo. Ule walikuwa wanapima uzito, leo tunapima urefu, kwa hiyo huwezi kuziweka namba hizo mstari mmoja na 56.9. Lakini mwanafunzi wa lishe popote duniani anafundishwa kitu kilichofanyiwa kazi Iringa, na Iringa ndo inaongoza kwa udumavu. Nikilifikiria hili inaniuma sana.

Kwa nini haikuendelea? Ninachokiona ni kwamba kile kikao cha kijiji kilihitaji watu wa kukifuatilia, usafiri, mizani inayofanya kazi, na fedha za mradi zilipokwisha gharama hizo ziliangukia halmashauri zilizokuwa na hali ngumu. Sahivi tuna mkataba wa lishe, wakuu wa mikoa walianza kuusaini mwaka 2017 na ukasainiwa upya 2022 mbele ya Rais, halmashauri zinatakiwa zitenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka na zinapimwa kwa hilo. Ni jambo zuri, fedha ya ndani ni bora kuliko ya kusubiri mfadhili. Ila shilingi elfu moja ni ile ile kwa mtoto wa Tabora anayehitaji chandarua na kupimwa damu, wa Arumeru kule Arusha anayehitaji maji mengine, na wa Mufindi kule Iringa ambaye anahitaji mtu wa kumlisha saa nne asubuhi, na mimi ningetamani kila mkoa uulizwe kwanza watoto wako wanaumwa na nini ndo upewe orodha ya kufanya.

Yule mama baada ya kuelezwa yote akauliza swali moja: "Sasa nesi, nisipoenda shamba nani ataenda?" Shemeji hakuwa na jibu la kwenye bango. Alimwomba arudi mchana na bibi wa mtoto, na kweli wakarudi, wakakaa kwenye benchi watu watatu na mtoto. Wakapanga bibi abaki na mtoto msimu huu, uji uchanganywe na unga wa maharage, upikwe mzito na utiwe kimea kidogo ili ulainike, uwekwe kwenye chupa ya chai usipoe. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza yale mayai anayouza mnadani abakize mangapi. Shemeji akamwambia moja kila siku kwa ajili ya huyu. Bibi akahesabu kwa vidole, kuku walioko, wanaotaga, walioatamia, akanyamaza kidogo, akasema saba kwa wiki yanapatikana.